Kibali kilichozikwa na askari: Deni la wajane wa KAR lililozaa Kibra

Kila Novemba mashada ya maua huwekwa katika makaburi ya vita kando ya Barabara ya Ngong, Nairobi. Nyasi hukatwa, mawe husuguliwa, tarumbeta hulia. Mwendo mfupi kutoka hapo kuna Makina, Kisumu Ndogo na Gatwekera, vijiji vya Kibra vilivyoota kwenye ardhi ambayo jeshi la Mwingereza liliwatengea askari wake. Waliokufa vitani wana mtunzaji wa kudumu. Walioachwa na askari hao wamekuwa wakidai chao kwa takriban karne nzima.

Chanzo ni Wanubi, yaani askari wa Kisudani na wazao wao. Mwaka 1891 Kapteni Frederick Lugard aliwachukua wanajeshi wa Kisudani waliokuwa chini ya gavana Emin Pasha karibu na Ziwa Albert, wakaitumikia Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Baadhi yao waliasi Uganda mwaka 1897, uasi ukazimwa, na mwaka 1902 kikosi cha King's African Rifles, yaani KAR, kikaundwa. Miaka miwili baadaye baadhi ya askari hao walianza kukaa katika msitu wa Kibra. Mwaka 1918 ekari 4,197 zilitangazwa kuwa hifadhi ya jeshi.

Hapo katikati ndipo penye kiini cha ugomvi. Kwa mujibu wa mwanahistoria Timothy Parsons, aliyechapisha utafiti wake mwaka 1997, kuanzia 1912 jeshi lilitoa vibali vya kuishi na kulima kwa askari wa Kisudani waliotumikia miaka 12. Wanubi wanashikilia hadi leo kwamba ardhi hiyo ndiyo iliyokuwa pensheni yao. Hawakurudishwa kwao Sudan, na wengi wao hawakuwa tena na kwao pa kurudi.

Lakini kibali hakikuwa hati. Kilimtaja mzee aliyevaa sare. Akifa, mkewe na wanawe walikuwa nani mbele ya serikali? Afisa wa jeshi aliyemjua marehemu angeweza kufumba macho, mjane akaendelea na shamba lake. Mwaka 1928 usimamizi wa Kibra uliondolewa mikononi mwa jeshi na kukabidhiwa serikali ya kiraia. Wakuu wapya hawakumjua marehemu wala hawakuwa na shukrani naye. Machoni pao Kibra ilikuwa kero: watu wa mchanganyiko karibu na makazi ya Wazungu, na zaidi ya yote, chupa za pombe kali iliyojulikana mji mzima kama "Nubian gin".

Pombe hiyo ndiyo iliyojaza mafaili ya maafisa. Ilipikwa hasa na wanawake na kuuzwa kwa vibarua wa Nairobi. Polisi walivamia, mapipa yakamwagwa, na kesho yake moto ukawashwa tena. Maafisa waliiona kama ushahidi kwamba Kibra inastahili kuvunjwa. Hawakujiuliza mjane asiye na pensheni, mwenye kipande cha shamba kinachoweza kutwaliwa wakati wowote, angewalisha watoto kwa kitu gani. Pombe na chumba cha kupangisha ndiyo mafao aliyojipa mwenyewe.

Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoongozwa na Jaji Morris Carter, iliusikiliza mgogoro huo mwanzoni mwa miaka ya 1930. Jibu lake lilikuwa la pande mbili. Kisheria, ilisema, Wasudani hawa ni wapangaji tu, wanaokaa kwa ridhaa ya Serikali ya Kifalme. Lakini ikakiri pia kwamba serikali ilikuwa na wajibu ulio wazi kwa askari hao wastaafu: ama iwarudishe kwao, ama iwatafutie makao. Serikali haikufanya lolote kati ya hayo kikamilifu. Vijana wa Kibra wakaenda tena vitani katika Vita vya Pili vya Dunia, hata Burma, na wakarudi kwenye ardhi ileile isiyo na hati.

Uhuru ulikuja mwaka 1963, na serikali mpya ikarithi msimamo wa zamani: ardhi ni ya serikali. Mitaa kama Ngei, Fort Jesus na Ayany ikajengwa kwenye ardhi hiyo. Wahamiaji kutoka mashambani wakapanga vyumba vya mabati, na vijiji kama Gatwekera vikajaa. Hivyo mpangaji wa Gatwekera leo humlipa kodi mwenye nyumba asiye na hati. Hakuna wa kumlaumu karibu. Kosa lilianzia kwenye kibali kisichomtaja mjane.

Mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za Wanubi, zikiwemo za mali. Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi hati ya jamii ya ekari 288. Hizo hazifiki hata asilimia saba ya hifadhi ya 1918.

Mwaka 2018 Uingereza nayo ilitangaza pauni milioni 11.8 za kuwasaidia maveterani maskini wa Jumuiya ya Madola waliotumikia kabla ya uhuru, pamoja na wajane wao. Jambo jema, ila limechelewa mno: wajane wa wenye vibali wa kwanza walishazikwa zamani, na mpango huo haukuwalenga watoto wala wajukuu.

Mjane wa mwanajeshi wa leo hubeba cheti cha kifo, cheti cha ndoa na barua ya chifu hadi ofisi ya pensheni. Foleni inachosha, lakini sheria inamtambua. Kijana wa Kinubi, kwa upande wake, alilazimika kwa miaka mingi kuhojiwa na kamati ya uchunguzi kabla ya kupewa kitambulisho, na bila kitambulisho ni vigumu kufungua mirathi. Babu yake alipoajiriwa kubeba bunduki, hakuna aliyemuuliza ni raia wa wapi. Nairobi imelipa ekari 288. London, iliyofaidi bunduki hiyo, bado haijalipa ardhi wala kuwaomba radhi wajukuu.