Mishipa ya damu, maradhi sugu ya

Maradhi yanayokaza na kuziba mishipa kidogo kidogo kwa miaka mingi, hata yakamshukia mtu ghafula kwa kiharusi au mshtuko wa moyo, ilhali aghalabu hakupata kuhisi maumivu yoyote kabla. Kituo cha utafiti cha APHRC, chenye makao yake Kitisuru, Nairobi, ambacho kuanzia 2002 kilifuatilia afya ya wakazi wa mitaa ya Korogocho na Viwandani jijini humo, kilishiriki katika mradi wa AWI-Gen wa kuchunguza maradhi kama haya, uliopima watu wapatao 12,000, wengi wao wa miaka 40 hadi 60, katika Kenya, Ghana, Burkina Faso na Afrika Kusini. Walipimwa shinikizo la damu, sukari, mafuta, na unene wa kuta za mishipa ya shingo kwa mawimbi ya sauti. Kisha zikachunguzwa jeni zao, kazi iliyokawia mno, kwa kuwa ilimu ya jeni ilikuwa imejengwa zaidi juu ya watu wenye asili ya Ulaya. Walakini nasaba haihukumu peke yake: shinikizo la juu lisilotibiwa, tumbaku na kisukari zina taathira kubwa, nazo hukubali dawa na mwenendo. Mtu mzima na apimwe shinikizo, hata akijiona hana ugonjwa.