Mafunzo ya nyanjani ya uuguzi (Kiwayu)
Mafunzo ya nyanjani ni kipindi ambapo mwanafunzi wa uuguzi au utabibu hutoka darasani na wodini, akahudumia wanakijiji chini ya msimamizi. Nchini Kenya ni sehemu ya stashahada ya uuguzi wa afya ya jamii, inayofundishwa na chuo cha mafunzo ya utabibu cha KMTC, taasisi iliyoanza 1927.

Kiwayu, kisiwa chembamba cha Wabajuni upande wa kaskazini wa visiwa vya Lamu, chaonyesha umuhimu wa mafunzo haya. Mgonjwa aliyezidiwa husafirishwa kwa boti hadi Faza, au hospitali ya King Fahd mjini Lamu. Msimu wa kusi bahari huchafuka. Kwa miaka mingi, maji yalipokupwa, mkondo wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, haukupitika kwa urahisi. Katika mazingira kama haya ndipo mwanafunzi hujifunza kupanga kliniki kwa kufuata maji, na kuchunga barafu ya kikasha cha chanjo safari nzima. Wodi ya mjini haifundishi hayo.

Huduma ya aina hii tayari ipo: shirika la Safari Doctors, lililoanzishwa na Umra Omar, huvizuru visiwa hivi kwa chombo pamoja na wahudumu wa kujitolea.

Tangu 2013 huduma nyingi za afya nchini Kenya ziko chini ya serikali za kaunti. Kwa hiyo malazi, nauli ya boti na msimamizi wa mwanafunzi ni mambo ya kutengewa bajeti, si ya kuachiwa wanakijiji.