Kipupwe cha Surat na Mawe ya Mwadui

Januari kwetu Kishapu ni mwezi wa jembe. Mwaka huo niliukosa, kwa kuwa nilikuwa Surat, katika jimbo la Gujarati, magharibi mwa India, nimejitanda shuka la kuazima alfajiri yenye nyuzi 15, nikinywa chai ya tangawizi kando ya mto Tapi. Hayo ndiyo majira ya baridi ya mji ule. Wenyeji huvaa masweta na kofia za sufu hadi jua lipande, jambo ambalo mtu wa Makete angelicheka, na baada ya saa nne asubuhi kila kitu huvuliwa.

Nilikwenda kwa mkutano wa wanahistoria wa Bahari ya Hindi. Mkutano ulichukua siku tatu, nami nikabaki siku nne zaidi kwa shughuli yangu mwenyewe. Nililelewa kilomita chache kutoka uzio wa mgodi wa Mwadui. Babu yangu alifanya kazi katika karakana ya mgodi ule tangu ujana wake hadi mvi, akafariki bila kuiona almasi iliyochongwa hata moja. Nilitaka kuona mahali ambapo mawe ya aina ile hupewa sura, na Surat ndiyo mahali penyewe. Inakadiriwa kwamba kati ya kila almasi 10 zinazochongwa duniani, 9 hupita mikononi mwa mafundi wa mji huo. Ardhi ya Surat yenyewe haina almasi.

Kwanza, mji. Surat hauko ufukweni hasa. Uko juu kidogo ya mdomo wa mto, na kwa zaidi ya karne moja ulikuwa bandari kuu ya dola ya Wamughal. Mahujaji wa India walipanda merikebu hapo kwenda Makka. Mwaka 1644 walijengewa nyumba ya wageni, na jengo hilo lipo hadi leo: ndiyo makao ya halmashauri ya jiji. Niliwaona watumishi wa umma wakipanda ngazi za zaidi ya miaka 370 na majalada kwapani, nikawaza ofisi zetu ambazo rangi yake haidumu miaka mitano. Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki iliweka ghala lake la kwanza la kudumu nchini India hapo, mwanzoni mwa karne ya 17. Shivaji, mtawala wa Wamaratha, aliupora mji mwaka 1664, akarudi kuupora tena mwaka 1670. Baadaye mchanga ukaziba mto, biashara ikahamia Bombay, na Waingereza na Waholanzi wakabaki makaburini, chini ya makuba makubwa kuliko nyumba nyingi za walio hai.

Mswahili akisikiliza soko la Surat hatajiona mgeni kabisa. Pesa, laki, gunia, hundi: maneno hayo tumeshirikiana nao kwa muda mrefu. Hata dalali ni dalali. Ushirika huo wa maneno una historia yake, na historia hiyo inapita Usukuma na Unyamwezi. Wapagazi wetu wa karne ya 19 walibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo. Kutoka Unguja zikavuka bahari hadi bandari za India, na huko Gujarati zikachongwa bangili za maharusi. Nguo za pamba zilizofumwa na kutiwa nili upande ule zikarudi kwetu, na bibi zetu wakavaa kaniki.

Kisha ikaja pamba. Kati ya vita viwili vya dunia na hata baada yake, pamba ya Shinyanga na Mwanza ilichambuliwa katika vinu ambavyo vingi vilikuwa vya Wahindi, na sehemu kubwa ikasafirishwa kwenda viwanda vya Bombay. Paul Bomani na wakulima wenzake walipounda Victoria Federation of Co-operative Unions mwaka 1955, walikuwa wakidai mizani ya haki kwanza, na vinu vyao wenyewe baadaye. Walivipata vyote viwili. Kiwanda cha nguo cha MWATEX kilikuja baada ya uhuru, na kisa chake kinahitaji makala yake peke yake.

Almasi ni mzigo wa tatu katika njia ileile. John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aliigundua Mwadui mwaka 1940, wakili I. C. Chopra wa Mwanza alikuwa mshirika wake. Mwaka 1947 likapatikana jiwe la waridi la karati 54.5, akapewa Elizabeth wa Uingereza, wakati huo bado binti mfalme. Lilichongwa London likabaki karati 23.6. Williamson alifariki mwaka 1958, na mgodi ukanunuliwa na De Beers pamoja na Serikali ya Tanganyika. Ukapita mikono kadhaa. Mwaka 2009 Petra Diamonds ikachukua asilimia 75.

Tarehe hizo huwa nawafundisha wanafunzi kila mwaka. Lakini sikuwa nimeuelewa vizuri mgogoro wa mwaka 2017 mpaka niliposimama katika mtaa wa Mahidharpura. Msomaji atakumbuka kwamba mwaka ule Serikali ilizuia shehena ya karati zipatazo 71,654 katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, ikidai kwamba thamani yake imetajwa chini, kampuni ikakana. Nchi nzima ilibishana kuhusu wizi, na ni wachache waliouliza swali lililotangulia hilo: ni nani kati yetu awezaye kulitazama jiwe ghafi akajua litauzwa kwa kiasi gani?

Mahidharpura ni mtaa mwembamba wa mji wa kale. Mchana hujaa mamia ya wanaume waliosimama au kuketi juu ya pikipiki zilizoegeshwa, na kila mmoja ana bahasha za karatasi nyembamba zilizokunjwa kwa namna maalumu. Hufunguliwa, kibano hutolewa, lenzi huwekwa jichoni, bei hutajwa kwa sauti ya chini, karatasi hukunjwa tena. Mwezi Desemba 2023 lilizinduliwa nje ya mji soko jipya la almasi, jengo lenye ofisi zaidi ya 4,000, linalotajwa kuwa miongoni mwa majengo makubwa kabisa ya ofisi duniani. Wafanyabiashara wengi walisita kuhamia. Dalali, yaonekana, hupenda kumwona dalali mwenzake uso kwa uso.

Mwenyeji wangu alinipeleka kwa mzee mmoja aliyekuwa ameketi kwenye kibaraza, amejizungushia skafu shingoni. Aliposikia natoka Tanzania, uso wake ulibadilika.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Wapi Tanzania?"

"Shinyanga. Kishapu."

"Mwangaluka!" alisema kwa nguvu, hata watu wa karibu wakageuka.

Alizaliwa Shinyanga mjini, baba yake akiwa na duka la nguo na chumvi. Sheria ya Kutwaa Majengo ya mwaka 1971 ilipowafanya Wahindi wengi waondoke, familia yake ilikuwa miongoni mwao. Hakuniomba nimhukumu mtu. Aliuliza kama bado watu hula matobolwa, kisha akafungua bahasha yake akanionyesha mawe ghafi saba. Niliona changarawe saba.

"Wewe unaona jiwe," alisema. "Mimi naona litakalobaki."

Alinieleza moja baada ya jingine: hili lina ufa, likigawanywa yatapatikana mawe mawili madogo, hili rangi yake itafunguka, hili la tatu ni zuri kwa macho lakini nusu yake itakuwa vumbi. Bei ya jiwe ghafi, kumbe, ni makisio ya jiwe ambalo bado halijazaliwa, na makisio hayo huyaweza mtu aliyekwisha kuchonga, au aliyeishi na wachongaji. Mthamini asiye na kiwanda nyuma yake husoma jedwali lililoandikwa na mnunuzi.

Alasiri mwanawe alinipeleka kwenye karakana. Mafundi wanne huketi kuzunguka meza moja waiitayo ghanti. Katikati huzunguka sahani ya chuma iliyopakwa mafuta na vumbi la almasi, kwa kuwa almasi hukatwa na almasi. Jiwe la kawaida la mviringo huchongwa pande 57. Niliambiwa kisa kinachorudiwa sana Surat, kwamba ufundi huo uliletwa mjini mwaka 1901 na Mgujarati aliyerejea kutoka Afrika Mashariki. Mwanahistoria ndani yangu angetaka hati. Msukuma ndani yangu alinyamaza kwa muda. Lenye uhakika zaidi ni kwamba Surat ilipanda kwa kukubali mawe madogo ambayo Antwerp iliona hayalipi.

Nisiupambe mji ule. Mafundi wengi hulipwa kwa idadi ya vipande, hali yao hutetereka soko linapotetereka, na miaka hii almasi za maabara, ambazo Surat yenyewe huzitengeneza, zimeziangusha bei. Fundi mmoja kijana alisema mdogo wake ameacha ghanti na kurudi kijijini kulima. Anayetaka tuige Surat aanze na mishahara yao.

Lakini sisi tuliwahi kuanza. Iringa ilikuwa na kiwanda cha umma cha kuchonga almasi, Tancut, na vijana wa Kitanzania waliketi kwenye sahani zilezile. Kilikufa, kama vilivyokufa viwanda vingi vya zama zake, na pamoja nacho ukafa ujuzi wa macho ambao ungetufaa mwaka 2017. Katika dhahabu tumeanza kusogea: soko la madini la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na mwaka 2021 Mwanza ikapata kiwanda cha kusafisha dhahabu, zaidi ya karne moja tangu Wajerumani waione dhahabu ya Geita. Dhahabu, hata hivyo, ina bei inayotangazwa kila siku duniani. Kwa almasi hakuna bei ya namna hiyo, kuna jicho.

Jioni ya mwisho nilikula ponk, chakula cha majira yale ya baridi tu: punje changa za mtama, zikiwa bado kijani, zimechomwa na kupukuchuliwa, huliwa na ndimu. Mtama ulitoka Afrika ukafika India maelfu ya miaka iliyopita. Kwetu tunaula ugali, na sijawahi kuona mtu akiupangia foleni.

Niliporudi nilisimama Maganzo, mji mdogo wa wachimbaji na madalali ulio jirani na mgodi. Kijana mmoja ninayemfahamu alinifungulia karatasi iliyokunjwa vilevile kama za Mahidharpura. Ndani mlikuwa na jiwe dogo, kama punje ya mchele. Nilimweleza habari za ghanti na pande 57. Aliligeuzageuza jiwe mwangani, midomo ikicheza kama anayehesabu.

"Hiyo sahani ya chuma, mwalimu," aliuliza, "inauzwa shilingi ngapi?"

Sikuwa nimeuliza. Usiku ule nilimwandikia yule mzee wa kibarazani. Jibu lilikuja asubuhi, likiwa na bei ya sahani, bei ya mota, na swali kama nimeshampatia mtu wa kumpelekea matobolwa.