Ngege Alikwenda Wapi? Somo la Wavu wa Inchi 5

Ukienda sokoni Geita au Shinyanga leo utakuta sato, sangara na dagaa. Waulize wazee wa mwambao: zamani samaki wa kitoweo alikuwa ngege.

Ngege ni ndugu wa sato, mwenyeji wa Ziwa Victoria. Jike hutaga mayai machache, mamia tu, akayabeba mdomoni mpaka yaanguliwe, kisha akavilinda vifaranga mdomoni humo humo. Sangara hutaga mamilioni. Kwa hiyo ukimvua ngege anayelea, umevua na kizazi chake.

Mwaka 1905 nyavu za makila zililetwa upande wa Kenya, zikasambaa ziwani. Mwanzoni samaki walijaa, baadaye wakapungua. Mwaka 1927 na 1928 mtaalamu Michael Graham alilichunguza ziwa, akashauri nyavu za ngege zisiwe na macho chini ya inchi 5. Jicho hilo humpitisha ngege mdogo, akakue na kuzaa kwanza. Ushauri ukawa sheria.

Shida ni kwamba ngege wakubwa walipoadimika, wavu wa macho madogo ulileta samaki wengi zaidi kwa siku. Jirani akipunguza macho, nawe unapunguza usije ukalala njaa. Katika miaka ya 1950 Tanganyika na Uganda ziliondoa sharti la inchi 5. Ngege wakavuliwa kabla ya kuzaa. Wakati huohuo sato na sangara waliletwa ziwani, wakamkuta ngege tayari amedhoofika. Leo amebaki zaidi katika maziwa madogo na mabwawa.

Mfugaji hachinji mtamba kabla hajazaa, hata mnada ukichangamka vipi. Samaki naye ni hivyo hivyo.

Wewe unayenunua samaki mwaloni Nkome au Chato kupeleka machimboni, nenda na rula. Sangara asipungue sentimeta 50, sato asipungue 25. Wakipungua, usinunue, hata kama bei ni nzuri. Mvuvi hushusha wavu wa macho madogo kwa sababu anajua kuna mtu anamsubiri nchi kavu na pesa mkononi. Mtu huyo asiwe wewe, la sivyo wajukuu watauliza sato alikwenda wapi.