Amri Moja Ikikwama, Muamala Wote Ufe?

Leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo. Nataka tuzungumzie kompyuta na hela zetu.

Ukimtumia mama shilingi 50,000, kompyuta inapewa amri mbili: punguza kwako, ongeza kwake. Ya kwanza ikipita na ya pili ikikwama, hela imeyeyuka. Ndiyo maana amri hizo hufungwa pamoja kama muamala mmoja: zipite zote, au isipite hata moja.

Fikra hii ilipikwa sana miaka ya 1970 katika maabara ya IBM huko San Jose, California, ambako Jim Gray na wenzake walijenga kanzidata iliyoitwa System R. Katika makala yake ya mwaka 1981, Gray alifananisha muamala na ndoa: wote wawili wanaulizwa, na mmoja akikataa, hakuna ndoa. Mwaka 1998 alipewa Tuzo ya Turing. Januari 2007 alitoka San Francisco na boti yake, peke yake, hakuonekana tena.

Sasa swali lililowagawa wataalamu. Muamala una amri kumi, ya saba imekosea. Tufanyeje?

Oracle inafuta hiyo ya saba peke yake. Sita za mwanzo zinabaki zikisubiri, na mwandishi wa programu ndiye anayeamua kuendelea au kufuta zote. PostgreSQL haina mchezo huo: muamala mzima unahesabika umeharibika. Amri ya nane inakataliwa, ya tisa vilevile, na hata ukisema "kamilisha", inafuta yote.

Wengi waliulalamikia ukali huo, na walikuwa na haki. Unaingiza kumbukumbu 10,000 kwa mkupuo, moja imejirudia, kazi yote inapotea! Dawa ilikuwepo tangu System R: unaweka alama katikati ya muamala, ukikosea unarudi kwenye alama badala ya kurudi mwanzo kabisa. Kiwango cha SQL cha mwaka 1999 kiliitambua, lakini PostgreSQL iliipata katika toleo la 8.0, Januari 2005.

Pamoja na usumbufu wake, mimi niko upande wa PostgreSQL. Njia ya Oracle ni nzuri kwa fundi makini anayekagua kila jibu. Lakini akisahau kukagua, nusu ya kazi itaandikwa kama kazi kamili na hakuna atakayeshtuka, mpaka siku mahesabu yatakapogoma. Kosa linalopiga kelele linarekebishwa leo. Lililonyamaza hulipwa na mteja ambaye hata hajui kanzidata ni kitu gani. Kuweka alama ni kusema wazi: hapa najua naweza kukosea, na nimejiandaa.

Au nyie wenzangu mnaonaje?