Mkono Usiotajwa: Neno "Mwandishi" Kutoka Upare Hadi Akili Unde

Miongoni mwa maneno ambayo walimu na wafasiri huyatumia bila kuyahoji ni neno mwandishi. Kwa kawaida huchukuliwa kuwa mwandishi ni yule ambaye jina lake limechapwa juu ya makala. Historia ya taaluma katika Afrika ya Mashariki yaonyesha kwamba jambo hili halijapata kuwa jepesi kiasi hicho, na uzito wake umezidi tangu mashine zilipoanza kutunga matini.

Tuanze na milima ya Upare. Mwaka 1969 Isaria Kimambo, Mpare mwenyewe, alitoa kitabu cha Kiingereza juu ya historia ya siasa ya Wapare tangu yapata mwaka 1500 hadi 1900. Kwa kuwa sehemu kubwa ya karne hizo haina nyaraka, aliijenga historia hiyo juu ya masimulizi ya wazee. Ndiyo njia iliyohifadhi habari za Ugweno, nchi ambamo Msangeni imo: habari za Washana, wahunzi wa chuma waliotawala, na za Wasuya waliowaondoa. Msomaji wa Msangeni anayetilia shaka habari fulani ajua kwamba nyuma ya ukurasa alikuwapo mtu aliyesimulia, na kwamba ukoo mwingine waweza kusimulia vingine. Hivyo ubishi una mahali pa kwenda.

Mwaka huohuo, jarida la Physics Education la Uingereza lilichapisha makala ya Erasto Mpemba na Denis Osborne. Mpemba, alipokuwa mwanafunzi wa shule ya Magamba mwaka 1963, aliona mchanganyiko wake wa maziwa ya moto ukiganda kabla ya ule wa mwenzake uliokuwa baridi. Osborne, mhadhiri wa fizikia Dar es Salaam, hakulimeza jina la kijana yule. Kila mmoja alieleza sehemu yake, na msomaji aona bayana nani aliona na nani alipima. Hata hivyo, fundi wa maabara aliyefanya jaribio la kwanza hapo chuoni ametajwa kwa kazi yake tu, bila jina. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hata makala njema yaweza kuacha mkono mmoja gizani.

Baadaye giza hilo liligeuka kuwa biashara. Nchini Kenya, vijana wengi waliohitimu vyuo vikuu na kukosa ajira walijipatia riziki kwa kuwaandikia wanafunzi wa Uingereza na Marekani insha, hata tasnifu. Filamu The Shadow Scholars ya mwaka 2024, inayomfuata Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, imewaonyesha waandishi hao. Maarifa yalikuwa yao, shahada zikawa za wengine.

Mwezi Novemba 2022 programu ya ChatGPT ilitolewa kwa umma, na kazi ile ya kujificha ikaanza kufanywa na mashine. Mwaka 2023 Kamati ya Maadili ya Uchapishaji, ijulikanayo kwa kifupi COPE, ilitamka kwamba mashine haiwezi kuwa mwandishi, kwa sababu haiwezi kuwajibika, na kwamba anayeitumia sharti aseme ameitumiaje. Si wote waliotii. Mwanzoni mwa mwaka 2024 yalionekana makala ya kisayansi yaliyoanza kwa maneno ya mashine ikimjibu aliyeiomba utangulizi. Wahariri na wasomaji wa awali waliyapitisha bila kuyaona. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 katika Science Advances, uliochunguza mihtasari zaidi ya milioni 15 ya makala za tiba na biolojia, ulikadiria kwamba angalau asilimia 13.5 ya mihtasari ya mwaka 2024 ilipitia katika mashine hizo.

Hatusemi kwamba msaada ni haramu. Mtafiti wa Kiafrika anayelazimika kuchapisha kwa Kiingereza aweza kuwa na haja halali ya kusahihishiwa lugha. Kosa li katika kuficha. Mashine huweza kubuni marejeo yasiyokuwapo kwa ufasaha uleule wa kutaja yaliyopo. Kwa habari za London, kosa la namna hiyo litasahihishwa na vitabu elfu. Lakini Kigweno na Chasu vina maandishi machache mno. Makala moja ya uongo juu ya Ugweno, ikinukuliwa mara mbili tatu, yaweza kugeuka kuwa chanzo, na mwalimu wa Msangeni atakayeitilia shaka hatakuwa na mzee wa kumwendea.

Kwa hiyo hatuna budi kuzipambanua istilahi zetu. Akili unde, akili mnemba na akili bandia zote zinatumika, na jina lolote litakaloshinda halitatuokoa iwapo neno mwandishi litabaki legelege. Twapendekeza mwandishi awe yule tu awezaye kuulizwa juu ya kila sentensi na kuijibia. Mwandishi kivuli awe binadamu aliyeandika akafichwa. Na maelezo ya namna mashine ilivyotumika yaitwe tamko la matumizi. Tamko hilo liwekwe mwanzoni mwa makala, mahali ambapo msomaji hawezi kulikosa.