Koala: Adimu Kaskazini, Wamejaa Kusini

Agosti 1927 serikali ya jimbo la Queensland, Australia, iliruhusu koala wawindwe kwa mwezi mmoja. Ngozi zaidi ya nusu milioni zikaingia sokoni. Kusini, katika jimbo la Victoria, walikuwa wamekwisha karibu wote, kwa bunduki, moto na ukataji wa misitu.

Wachache walionusurika ni pamoja na wale waliovushwa kupelekwa kisiwa cha French Island mwishoni mwa karne ya 19. Huko walizaliana mno, wakala majani hadi mikaratusi ikaanza kufa. Kuanzia 1923 walianza kuhamishwa, na kwa miaka iliyofuata maelfu wakarudishwa bara, na ndiyo maana koala wengi wa Victoria leo wana ukoo mmoja mwembamba. Hesabu iliokolewa, utajiri wa jeni ulipotea, na hasara hiyo haijalipwa.

Miaka hiyohiyo ya 1920, koala 18 walipelekwa Kangaroo Island, kisiwa cha jimbo la Australia Kusini. Mwanzoni mwa karne hii walikadiriwa kufika 27,000, nayo miti ikabaki mifupa. Mwaka 1996 wataalamu walipendekeza wapunguzwe kwa risasi. Serikali ya jimbo ikakataa, kwani nani angekubali koala apigwe risasi mbele ya watalii? Badala yake wakaanza kufungwa uzazi: koala mmoja mmoja anafuatwa mtini, anashushwa, anapasuliwa, anarudishwa. Kazi ghali, ya miaka na miaka. Kisha moto wa 2019 na 2020 ukawaua kwa makumi ya maelfu.

Habari ya Cape Otway, rasi ya Victoria, ilikuwa chungu zaidi. Koala 75 waliopelekwa huko 1981 waliongezeka kupita kiasi, wakaanza kufa njaa, na mwaka 2013 na 2014 serikali ya Victoria iliwaua karibu 700 kimyakimya. Umma uliarifiwa baadaye.

Hata hivyo, Februari 2022 koala wa Queensland, New South Wales na eneo la mji mkuu walitangazwa kuwa hatarini kutoweka. Kwa nini basi wa kusini wasipelekwe kaskazini? Kwa sababu tumbo la koala wa kusini limezoea mikaratusi ya kwao, manyoya yake mazito ni ya baridi, na jeni zake finyu zingeongeza udhaifu kwa wenzake wa kaskazini ambao tayari wanasumbuliwa na ugonjwa wa klamidia. Tena angewekwa wapi, ikiwa msitu wenyewe unafyekwa? Ndiyo sababu naona uzito katika hatua ya New South Wales ya Septemba 2025, kusimamisha ukataji wa magogo katika misitu ya serikali inayotengwa kuwa hifadhi kubwa ya koala.